Bakuli la Mtawa na Uma wa Wana wa Eli

Makanisani mwetu husemwa, mara nyingi kwa kicheko, kwamba watawa wa Kibudha ni ombaomba waliojipatia sare. Wasemao hivyo wameona picha tunazozifahamu wote: wanaume walionyolewa vichwa, wamevaa mavazi ya rangi ya chungwa, wamejipanga mstari mmoja na bakuli begani, na akina mama wamepiga magoti kando ya barabara wakiwatilia wali. Mhubiri huisimulia picha hiyo na kuuliza: hawa wanaume wenye nguvu zao, kwa nini walishwe? Na hawa akina mama, nani aliyewadanganya kwamba mbingu hununuliwa kwa tonge la wali? Washarika hucheka. Kisha, katika ibada hiyo hiyo, mhubiri huyo huyo hutangaza bahasha ya tatu, na kuwaahidi watakaoijaza kwamba kabla ya mwaka kwisha watakuwa wamejengewa nyumba na Bwana.

Sisi tunaoandika haya ni Wakristo. Tunaamini kwamba mwanadamu huokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa wali wala kwa bahasha. Hatumwalike mtu yeyote kuiacha njia hiyo. Lakini tunasema waziwazi kwamba mhubiri yule hana haki ya kucheka. Katika desturi ile ya Asia, sheria kali zimewekwa juu ya anayepokea. Katika makanisa mengi ya siku hizi, sheria zote zimewekwa juu ya anayetoa, na anayepokea hana hata moja. Nasi tunasema kwamba katika jambo hili Maandiko yanasimama upande wa bakuli.

Desturi yenyewe

Tuanze kwa kuieleza desturi jinsi ilivyo, maana si haki kukosoa jambo usilolijua.

Luang Prabang ni mji wa kale wa wafalme wa Laos, umejengwa pale mto Nam Khan unapoingia katika mto Mekong. Tangu 1995 umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Humo, kila siku kabla jua halijachomoza, watawa hutoka katika mahekalu yao wakitembea miguu mitupu. Wazee hutangulia, na mwishoni kabisa huja wavulana walioingia utawani wakiwa bado watoto. Hakuna anayezungumza. Wenyeji wamekwisha kuamka mapema zaidi, wakapika kwa mvuke wali wa kunata, ule ambao ndio chakula cha Walao kila siku, wakautia katika vikapu vidogo vya mianzi vyenye vifuniko. Akina mama huketi chini au kupiga magoti, wamejitanda mtandio begani kwa heshima. Mtawa anapopita hufungua kifuniko cha bakuli, mama hufinyanga tonge kwa vidole na kulitia, naye mtawa huendelea mbele. Hasemi asante.

Hapo ndipo wengi wetu hukasirika. Amelishwa, hata asante hasemi! Lakini kwa mafundisho yao mwenye kushukuru ni mtoaji, kwa kuwa amepewa nafasi ya kutoa. Kwa hiyo mama huinamisha kichwa na kuunganisha viganja vyake, na mtawa hupita kimya. Kule Thailand watawa wengi husimama na kuimba maneno machache ya baraka, lakini hata hapo hakuna anayesifiwa kwa kutoa kingi wala kuaibishwa kwa kutoa kidogo. Jina la mtoaji halitangazwi, na tonge la mwenye duka na tonge la mchuuzi wa mboga huchanganyika katika bakuli moja.

Liko jambo jingine ambalo picha hazilionyeshi vizuri. Kando ya mstari ule hukaa watoto wa maskini na vikapu vitupu. Watawa wanapowafikia huchota katika mabakuli yao na kuwapunguzia. Chakula kilichotolewa kwa watu wa dini, kabla hakijafika hekaluni, kimekwisha kumfikia maskini. Anayeijua Torati atakumbuka agizo la Walawi 19 la kutovuna pembe za shamba, na atamkumbuka Ruthu akiokota masazo katika shamba la Boazi.

Desturi hii si mchezo wa kuwafurahisha wageni, ingawa watalii wenye kamera wameivuruga sana mjini humo, hata wakaonywa wakae mbali. Wakomunisti waliposhika nchi ya Laos mwishoni mwa 1975, serikali yao ilijaribu kuwakataza watu kuwapa watawa chakula. Watawa wakaambiwa walime wajilishe. Wananchi walilalamika, na kabla mwaka 1976 haujaisha serikali ilikuwa imelegeza amri yake. Serikali ile ilikuwa imewashinda wafalme na majeshi, lakini haikuweza kuishinda mikono ya akina mama wenye vikapu vya wali. Tonge linalotolewa kila siku linafunga watu pamoja kwa namna ambayo mchango wa mara moja kwa mwaka hauwezi.

Sheria ya anayepokea

Sasa tufike kwenye kiini. Watawa wa Kibudha wa Laos, Thailand, Myanmar, Kambodia na Sri Lanka hufuata kanuni ya kale yenye vifungu 227. Sehemu kubwa ya vifungu hivyo inahusu mambo ambayo sisi tungeyaona madogo: nguo, chakula, bakuli na fedha. Tutaje machache.

Mtawa haruhusiwi kupokea dhahabu wala fedha, wala mtu kumwekea kwa niaba yake. Haruhusiwi kula chakula alichokiweka tangu jana; alichopokea leo hukila leo, na kinachobaki si chake tena. Baada ya adhuhuri hali kitu mpaka kesho. Kama si mgonjwa, haruhusiwi kujiombea vyakula vinono, navyo vimetajwa kwa majina: samli, asali, samaki, nyama, maziwa na vinginevyo. Hata hila ndogo ya kufunika kitoweo kwa wali, ili atiaye adhani hajapata kitu amwongezee, imekatazwa.

Na tusikilize hili la bakuli. Mtawa ambaye bakuli lake halijazibwa nyufa mara tano haruhusiwi kujitafutia jingine jipya. Akilitafuta, lile jipya hulitoa mbele ya wenzake. Wao hubadilishana mabakuli kuanzia mzee hadi mdogo, na lile la mwisho, lililobaki baada ya kila mtu kuchagua, ndilo hupewa yeye. Huyo ndiye mtu tunayemwita ombaomba! Tunawauliza wapendwa wasomaji: ni kanisa gani kwetu lenye kanuni inayosema mtumishi asinunuliwe gari jipya mpaka la zamani liwe limeharibika mara tano?

Maana ya kanuni hizi haijifichi. Mtu asiyeweza kuweka akiba ya chakula, wala kulima, wala kushika fedha, hana budi kutoka kila asubuhi kwenda kuonana na watu. Hawezi kujitenga nao. Akiishi vibaya watamwona, na wakimchoka mikono yao itafumba. Hawezi kuwatisha, kwa kuwa riziki yake ya kesho iko jikoni kwao, na hawezi kuwadai, kwa kuwa hana ruhusa ya kuomba. Anasimama tu na bakuli lake.

Je, hili ni geni kwa mwenye kusoma Biblia? Mana jangwani ilikuwa na sheria hiyo hiyo: iliyobakizwa hadi asubuhi iliingia mabuu na kunuka (Kutoka 16:20). Bwana wetu alipowatuma wale Thenashara aliwaambia kwamba walipewa bure nao watoe bure, wasijipatie dhahabu wala fedha mishipini mwao, wala mkoba, wala kanzu mbili (Mathayo 10:8-10). Alipowatuma wale wengine aliwaagiza wale kile watakachowekewa, na wasihamehame nyumba hadi nyumba wakitafuta iliyo nono zaidi (Luka 10:7-8). Angalieni jinsi maagizo hayo yalivyo: yote yanamhusu mpokeaji. Kuhusu kiasi ambacho mwenye nyumba atoe, Bwana hakusema neno.

Kanisa la kwanza lilielewa. Upo mwongozo wa kale sana uitwao Didake, uliosomwa na Wakristo wa vizazi vya mwanzo. Unafundisha kwamba mtume akija apokelewe kama Bwana, lakini akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha pale atakapolala. Akiomba fedha, huyo ni nabii wa uongo. Na mtu akisema kwa roho kwamba apewe fedha, asisikilizwe, isipokuwa kama anawaombea wahitaji wengine. Kipimo hicho tungekiweka mlangoni mwa makanisa yetu leo, ni mikutano mingapi ya injili ingebaki?

Uma wa meno matatu

Biblia haikuacha kutuonyesha upande wa pili. Katika 1 Samweli 2 tunasoma habari za wana wa Eli, makuhani wa Shilo. Mtu alipokuwa akitoa dhabihu, mtumishi wa kuhani alikuja nyama ikingali ikitokota, akiwa na uma wa meno matatu mkononi. Aliuchoma ndani ya sufuria au chungu, na chochote kilichonaswa na uma kuhani alikitwaa. Baadaye hata hilo halikuwatosha. Wakataka nyama mbichi kabla mafuta hayajateketezwa kwa Bwana. Mtu aliposihi wangoje, mtumishi alimjibu kwamba atoe sasa hivi, la sivyo atatwaa kwa nguvu. Maandiko yanaeleza matokeo yake: watu wakaichukia sadaka ya Bwana.

Hapo tuna vyombo viwili. Bakuli hungoja kutiwa, na uma huingia chunguni kwa mwenye chakula. Sisi tunaona kwamba mahubiri mengi ya utoaji ya siku hizi ni uma wa meno matatu. Jino la kwanza ni hofu: usipotoa, umelaaniwa. Jino la pili ni tamaa: ukitoa, utarudishiwa maradufu, ndio maana sadaka imebadilishwa jina ikaitwa mbegu. Jino la tatu ni aibu: majina husomwa, viwango hutangazwa, wa laki moja wasimame, wa elfu hamsini wasimame, na mama aliyekuja na sarafu mbili abaki ameketi mbele ya watu wote.

Aya inayosomwa ili uma uingie vizuri ni Malaki 3:10, kuhusu zaka kamili ghalani. Hatuna ugomvi na aya hiyo. Ni neno la Mungu. Ugomvi wetu ni na wanaoifungua Biblia hapo tu. Kitabu cha Malaki kina sura nne, na kabla hakijafika kwa watu wenye zaka kimekwisha kuwakemea makuhani katika sura ya kwanza na ya pili: kwa kulidharau jina la Mungu, kwa kupokea madhabahuni wanyama vipofu na vilema, kwa kuwakwaza wengi katika sheria. Anayewasomea watu sura ya tatu bila kwanza kujisomea ya pili amekata Biblia vipande ili apate kijiko cha kuchotea.

"Lakini wao wanatafuta thawabu"

Tunajua tutajibiwa. Tutaambiwa: mnasahau kwamba mama yule wa Luang Prabang anatoa ili apate thawabu, zimsaidie katika maisha yajayo na ziwafikie wafu wake. Hiyo si injili.

Kweli, si injili, nasi hatukusema ni injili. Tofauti hii ni kubwa wala haitakiwi kufichwa kwa adabu. Mbudha anafundishwa kwamba tendo jema huzaa tunda lake kwa aliyelitenda. Sisi tunafundishwa kwamba tulipokuwa hatuna kitu cha kutoa, Kristo alijitoa. Mkristo hatoi ili apendwe. Anatoa kwa kuwa amekwisha kupendwa. Tonge la wali halimsogezi mtu kwa Mungu hata hatua moja.

Lakini basi tuwe wakweli mpaka mwisho. Kama kosa la mama yule ni kutoa ili apate, mhubiri wa mbegu anafundisha nini? Anafundisha kosa lilo hilo, na kwa sura mbaya zaidi. Mama wa Laos anatumaini wema usioonekana, katika maisha ambayo hajui atayaishi wapi. Muumini wetu anaahidiwa nyumba, visa na gari kabla ya Desemba. Kule, anayepokea sadaka amekatazwa hata kuhifadhi wali wa jana. Huku, anayepokea mbegu hajengi ghala moja tu. Wahubiri hawa wamechukua biashara ya thawabu wakaiacha nidhamu iliyoizuia isiwe wizi. Petro alimwambia Simoni wa Samaria kwamba fedha yake ipotelee mbali pamoja naye, kwa kuwa alidhani karama ya Mungu hupatikana kwa mali (Matendo 8:20). Neno lile lilimwangukia mnunuzi. Tunadhani lingemwangukia muuzaji kwa uzito zaidi.

Mwingine atasema: hata hao watawa wana wezi wao. Ni kweli tena. Watawa wengi wa Thailand siku hizi hupokea bahasha za fedha, kinyume cha kanuni yao. Mei 2025 mkuu wa hekalu mashuhuri karibu na Bangkok alikamatwa akituhumiwa kufuja fedha nyingi mno za hekalu lake, na nchi nzima ilitikisika. Hatuwasifu kwa kuwa watakatifu. Lakini tuulize kwa nini nchi ilitikisika. Ilitikisika kwa sababu kila mama sokoni anaijua kanuni. Anajua mtawa hapaswi kuwa na akaunti iliyonona, basi akiona imenona anajua kwamba kosa limetendeka. Kwetu kiongozi akinunua gari la tatu, nusu ya washarika huunguruma na nusu hupiga vigelegele kwamba amebarikiwa, kwa kuwa hakuna kanuni ambayo ameivunja. Pasipo rula, mstari uliopinda hauonekani.

Bakuli lililopinduliwa

Kuna kifungu kimoja zaidi cha desturi hii, nacho ndicho kinachotufundisha zaidi ya vyote. Kanuni ya kale inawaruhusu watawa, wakiisha kukubaliana pamoja, kulipindua bakuli mbele ya mtu aliyewadhuru au kuikashifu imani yao. Maana yake hawatapokea tena chochote kutoka mkononi mwake mpaka atubu. Kwa mtu anayeamini kwamba kutoa humletea thawabu, hiyo ni adhabu nzito.

Myanmar walilifanya hilo mbele ya majenerali. Mwaka 1990, Mandalay, watawa walikataa sadaka za wanajeshi na jamaa zao. Mwaka 2007 serikali ilipandisha bei ya mafuta ghafla mwezi Agosti, nauli na chakula vikapanda, watu wakaumia. Mapema Septemba, katika mji wa Pakokku, askari waliwapiga watawa waliokuwa wakiandamana. Watawa wakadai waombwe radhi kufikia tarehe 17. Radhi haikuja. Kuanzia tarehe 18 wakaandamana kwa maelfu, wengine wakiwa wamebeba mabakuli yaliyopinduliwa, na wakatangaza kwamba hawapokei sadaka ya wenye serikali. Kabla mwezi haujaisha askari walivamia nyumba za watawa usiku, wakawapiga na kuwakamata. Walilipa gharama. Wala hatusahau kwamba katika nchi hiyo hiyo, miaka iliyofuata, wako watawa waliohubiri chuki dhidi ya Waislamu; bakuli halimfanyi mtu kuwa mwema. Lakini mwezi ule wa Septemba watu wasiokuwa na akiba ya chakula cha kesho waliukataa wali wa wenye bunduki.

Elisha aliwafahamu wa namna hiyo. Naamani, jemadari wa Shamu, alipotakaswa ukoma alimsihi apokee zawadi, naye akaapa kwa jina la Bwana kwamba hatapokea kitu (2 Wafalme 5:16). Gehazi ndiye aliyekimbia nyuma ya gari, akarudi na talanta mbili za fedha, na pamoja nazo akapata ukoma wa Naamani. Ni mara ngapi tumehubiriwa habari za Naamani kuzama Yordani mara saba, na ni mara ngapi tumehubiriwa habari za Gehazi?

Katika nchi zetu swali hili halina umbali. Kila uchaguzi ukikaribia, wenye vyeo hufika makanisani na fedha, hupewa kiti cha mbele na kipaza sauti, na hakuna anayeuliza fedha zimetoka wapi. Kwa hiyo tuliheshimu tendo la ndugu zetu Wakatoliki wa Kenya, pale Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi alipotangaza kwamba fedha ambazo Rais wa nchi alikuwa ametoa katika parokia moja zirudishwe. Msomaji anaweza kuwa na maoni yake kuhusu siasa ile, na hiyo ni haki yake. Sisi tunalitazama tendo lenyewe. Lilikuwa bakuli lililopinduliwa. Kanisa lisiloweza kukataa sadaka ya mtu yeyote haliwezi kumwambia mtu yeyote ukweli.

Basi tufanye nini

Hatusemi wachungaji watembee miguu mitupu au wale mlo mmoja. Wana wake na watoto, wana karo za kulipa, na Maandiko yanasema kwamba mtenda kazi astahili ujira wake (1 Timotheo 5:18). Tena tunajua kwamba wengi hawana uma wowote. Yuko mwinjilisti wa kijijini ambaye posho yake haijafika miezi mitatu, anayehubiri mitaa minne kwa baiskeli na kulipwa debe la mahindi. Huyo ndiye anayeumizwa kwanza na kukosekana kwa kanuni, kwa sababu mahali pasipo kipimo mwenye sauti kubwa hushiba na mnyenyekevu hulala njaa. Tunayoyataka ni manne.

Kwanza, kila usharika uwe na kanuni ya mpokeaji, iliyoandikwa na kusomwa mbele ya washarika wote kama yanavyosomwa matangazo ya ndoa. Iseme mtumishi hulipwa kiasi gani, na kwamba zaidi ya hapo hapokei bahasha ya pembeni, ya maombezi wala ya unabii. Paulo aliweza kuwaambia wazee wa Efeso kwamba hakutamani fedha ya mtu, wala dhahabu, wala mavazi (Matendo 20:33). Aliweza kusema hivyo kwa kuwa walikuwa wameishi naye na kumwona.

Pili, majina na viwango visitangazwe tena. Bwana alikwisha kutoa amri kuhusu mkono wa kushoto na wa kuume (Mathayo 6:3), wala hakuweka udhuru wa jengo jipya.

Tatu, baraza la wazee liwe na mamlaka ya kukataa sadaka, na lijulikane kuwa nayo. Fedha ya rushwa, ya dhuluma ya ardhi, ya kununua kura, irudi kwa mwenyewe na sababu aelezwe kwa upole.

Nne, turudishe utoaji mdogo wa kila siku, unaotoka jikoni. Wasiosadiki kwamba Mkristo anaweza kutoa hivyo wawatazame ndugu zetu wa Mizoram, kaskazini-mashariki mwa India. Tangu 1910 akina mama wa Kipresbiteri huko, kila wanapopika, hutenga konzi moja ya mchele kwa ajili ya kazi ya Bwana. Mchele hukusanywa, huuzwa, na kwa huo kanisa lao limewatuma wahubiri na kuwasaidia maskini kwa zaidi ya miaka mia moja. Hakuna aliyewaahidi gari. Nasi hatukuachwa bila kitu: tunao mnada wa baada ya ibada, ambapo mkungu wa ndizi na mayai ya mjane hunadiwa mbele ya wote, na mara nyingi anayenunua humgawia asiye nacho papo hapo. Tuutunze, tusiuache umezwe na bahasha.

Tunarudi kwa mhubiri tuliyeanza naye. Ana kazi ya kuwahubiri Wabudha injili, nasi tunamwombea aifanye. Lakini injili aliyonayo ni ya Mwana wa Adamu asiyekuwa na mahali pa kulaza kichwa, aliyekula alichowekewa na wenyeji wake na kuazima hata punda. Siku atakapofika Luang Prabang kumhubiri Kristo huyo, yule mama mwenye kikapu cha wali atamtazama mikono. Kama ameshika uma, hatakuwa na haja ya kusikia zaidi.